Injini Mbili za Mtumba na Gari Moja Jepesi

Oili ilimiminika kwenye beseni ikiwa ya kijivu, na chini ya taa ya gereji ilimetameta. Mwandishi wa makala haya aliichovya kidole, akaisugua katikati ya kidole gumba na cha shahada, akahisi kitu kama mchanga laini. Haukuwa mchanga. Zilikuwa chembe za metali za konrodi, zile beringi nyembamba zinazoshika mikono ya pistoni kwenye krankishafti. Injini ya pikipiki aliyoinunua miezi minne nyuma na kuifunga kwa mikono yake ndani ya gari dogo la michezo ilikuwa imekufa, na haikuwa imemaliza hata kilomita 300.

Ilikuwa Novemba 2006, katika gereji ya kukodi mjini Peterborough, mashariki mwa Uingereza. Pauni 350 zilizopotea zilimuuma, kwa kuwa zilikuwa mshahara wa zamu nyingi za usiku ghalani. Lakini kilichomkosesha usingizi ni jambo jingine: alipoanza kukumbuka siku aliyoinunua, aligundua kwamba ishara zote za ugonjwa zilikuwa pale mbele ya macho yake, naye alizipita.

Gari lenyewe lilikuwa la aina ambayo Waingereza huiita Locost, jina linaloiga Lotus na kubeba maana ya bei nafuu. Babu wa magari hayo ni Lotus Seven, gari la viti 2 lisilo na milango ya maana wala paa, lililotolewa na Colin Chapman mwaka 1957. Lotus ilipoachana nalo, kampuni ya Caterham ilichukua haki za kulitengeneza mwaka 1973, na bado inalitengeneza. Kisha mwaka 1996 mwalimu mmoja wa ufundi, Ron Champion, alichapisha kitabu kilichoonyesha namna mtu wa kawaida anavyoweza kujenga gari la umbo hilo nyumbani kwa pauni 250: chasisi ya mabomba ya chuma ya mraba yaliyochomelewa, na vipuri kutoka Ford Escort chakavu. Maelfu ya watu walinunua mashine za kuchomelea kwa sababu ya kitabu hicho.

Mwandishi alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Tanga, na likizo zake za shule alizimalizia Gerezani, Dar es Salaam, akimshikia spana mjomba wake, fundi wa injini. Mtoto aliyekulia kwenye harufu ya petroli na grisi, akijikuta Ulaya na gereji tupu ya kukodi, hakuhitaji kushawishiwa sana.

Swali lilikuwa injini. Ya Escort, pamoja na gia boksi yake, hupita kilo 130, na nguvu zake ni za gari la kupeleka watoto shule. Yamaha R1 iliyotoka mwaka 1998 ilikuwa na injini ya cc 998 inayotoa nguvu za farasi 150 kwenye mizunguko 10,000 kwa dakika, na mwandishi alipokuja kuitundika kwenye mizani, injini ya aina hiyo haikufika kilo 70, gia boksi ikiwa humohumo ndani. Ukiiweka katika gari la kilo 470, unapata zaidi ya nguvu za farasi 300 kwa kila tani. Gari la kawaida la familia la wakati ule, lenye farasi 110 na kilo 1,300, halikufika 90.

Wazo hilo ni la zamani. Magari ya Morgan ya magurudumu 3 yalitembea kwa injini za pikipiki tangu miaka ya 1910. Mwaka 1946, John Cooper na baba yake waliunganisha sehemu za mbele za Fiat Topolino mbili, wakaweka injini ya pikipiki ya JAP ya cc 500 nyuma ya dereva, wakaikokotesha magurudumu kwa mnyororo. Kijana Stirling Moss alianza mbio zake mwaka 1948 katika Cooper ya namna hiyo. Na katika mji huohuo wa Peterborough ambako mwandishi alikuwa akilala mchana na kuchomelea jioni, kampuni ya Radical ilikuwa imeanzishwa mwaka 1997 ikijenga magari ya mbio yenye injini za pikipiki. Injini ya kwanza waliyoitumia ilikuwa ya Kawasaki ya cc 1100. Baadaye walifika kuunda V8 iliyotokana na Suzuki Hayabusa mbili, na gari lao la SR8 lilizunguka Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 6 na sekunde 48 mwaka 2009.

Kwa hiyo mwandishi hakukosea kutaka injini ya pikipiki. Alikosea namna ya kuichagua.

Injini ya kwanza aliipata kwa mvunja pikipiki, mtu anayenunua pikipiki zilizopata ajali na kuziuza kipande kipande. Ilikuwa imelazwa juu ya palleti, imefutwa ikang'aa, bila kabureta, bila nyaya, bila ekzosi. Muuzaji alisema imetembea maili 14,000 tu. Mwandishi aliuliza ina farasi wangapi, akajibiwa, akafurahi. Aliweka spana kwenye nati ya krankishafti, ikazunguka bila kukwama. Akalipa.

Baada ya injini hiyo kufa aliitazama upya, safari hii bila mahaba. Kifuniko cha kushoto kilikuwa kipya, cha kulia cha zamani: pikipiki ilikuwa imeanguka upande wa kushoto. Sikio moja la kufungia injini kwenye fremu lilikuwa limechomelewa na kupigwa tupa. Ukingo wa sampu, lile beseni la oili lililo chini ya injini, ulikuwa na silikoni mpya ya rangi tofauti na ile ya sehemu nyingine: mtu alikuwa ameshaifungua, akaona, akafunga. Pikipiki inapoanguka na injini ikaendelea kunguruma ikiwa ubavuni, bomba la kufyonza oili hubaki hewani, na sekunde chache zinatosha kuanza kuzila metali. Huenda ndivyo ilivyokuwa. Muuzaji hakusema, na mwandishi hakuuliza.

Hata hivyo lawama zote hazikuwa za ajali hiyo. Nusu ilikuwa ya gari.

Aliyepanda basi kutoka Mombo kwenda Lushoto anajua kinachotokea kwa chai iliyomo kikombeni basi likikata kona: inapanda ukingo wa nje. Pikipiki haina tatizo hilo. Ikikata kona hulala, na nguvu zote, ya uzito na ya kona, huendelea kuisukuma oili kuelekea chini ya injini, pale bomba la kufyonzea lilipo. Mhandisi aliyechora sampu yake aliichora kwa kutegemea hivyo. Gari halilali. Gari jepesi lenye matairi mazuri linaweza kukata kona kwa nguvu inayolingana na uzito wake lenyewe, na hapo uso wa oili ndani ya sampu huinama hadi nyuzi 45. Oili hukimbilia ukuta mmoja, bomba likafyonza hewa. Kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika, krankishafti huzunguka mara 133 kila sekunde. Kona ndefu ya sekunde 2 ni mizunguko 266 ya chuma juu ya chuma.

Jambo hilo linajulikana sana miongoni mwa wanaojenga magari haya, na dawa zake zinajulikana. Ya rahisi ni kuweka ndani ya sampu vizuizi vya bati ya alumini vyenye vilango vinavyofunguka upande mmoja tu, ili oili iingie penye bomba na isitoke. Ya ghali ni kuondoa oili yote kwenye sampu na kuihifadhi katika tangi la pembeni kwa pampu ya ziada, kama magari ya mbio yanavyofanya. Mwandishi alisoma habari hizo kabla, akajiambia kwamba ataweka vizuizi baadaye, injini ikishazoea gari. Injini haikumsubiri.

Usiku ule alimpigia mjomba simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mjomba. Za huko baridini? Mbona sauti imelala?"

Alimweleza yote. Mjomba alisikiliza, kisha akauliza kwa upole uleule aliokuwa akiutumia kumuuliza mtoto kwa nini spana namba 13 imerudi bila namba 12.

"Uliisikia ikiunguruma kabla hujatoa pesa?"

"Hapana, mjomba. Ilishatolewa kwenye pikipiki."

"Uliifungua chini?"

"Hapana. Niliizungusha kwa spana, ikazunguka."

"Kuzunguka! Hata maiti hugeuzwa, mjomba."

Halafu akamkumbusha jambo ambalo mwandishi mwenyewe alilishuhudia akiwa na miaka 12. Injini ya mtumba ikiletwa Gerezani bila gari lake, mjomba hakuwa akiijadili bei. Aliiketisha juu ya tairi chakavu, akaiunganishia betri, akainingʼinizia kidumu cha petroli, akaiwasha palepale sakafuni. Kama mwenye mali alikataa, mazungumzo yaliishia hapo na chai ikaletwa. Mtoto yule alidhani ni mkogo wa fundi. Mtu mzima, mikono ikiwa imejaa vumbi la metali, alielewa kwamba ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe.

Utafutaji wa pili ulichukua majira yote ya baridi. Mwandishi alianza kwa kupima nafasi iliyomo garini kwa futi kamba, kisha akaenda kwa wenye magari kama lake na kuwauliza injini zao zimekaaje. Wengine walikuwa wakishindana katika mbio za 750 Motor Club, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939 ambayo ina daraja maalumu la magari yenye injini za pikipiki. Hao hawakuzungumzia farasi. Walizungumzia oili, joto, klachi na bei ya vipuri.

Katika gari la umbo la Seven, injini hugeuzwa robo mzunguko, ili spoketi iliyokuwa kushoto mwa pikipiki itazame nyuma na kuunganishwa na propela shafti. Ukisimama nyuma ya gari na kutazama, spoketi hiyo huzunguka kinyume cha saa, sawasawa na injini ya kawaida ya gari la kuendeshwa kwa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo difu ya Ford hufanya kazi bila kubadilishwa. Ekzosi huangukia kushoto, mbali na shafti ya usukani kwa nchi ambako usukani huwa upande wa kulia wa gari. Lakini kugeuza huko kuna maana nyingine: urefu wa injini, yaani umbali wake kutoka mbele hadi nyuma ilipokuwa kwenye pikipiki, sasa unakuwa upana wake ndani ya chasisi. Ndipo sifa ambayo mwendesha pikipiki haioni inapogeuka kuwa jambo kubwa.

Wagombea walikuwa wanne. Honda Fireblade, kazi ya mhandisi Tadao Baba, ilitoka mwaka 1992 ikiwa na cc 893. Ni nyepesi, ilikuwa rahisi kupatikana, na ya kabureta hadi ilipofika cc 929 mwaka 2000. Honda Blackbird ya mwaka 1996, cc 1137, ni pikipiki ya safari ndefu, na wengi waliokuwa nayo walikuwa watu wazima walioitunza. Hilo ni jambo zuri kwa mnunuzi wa mtumba. Suzuki Hayabusa ya mwaka 1999, cc 1299, ndiyo iliyokuwa mfalme: toki yake, ile nguvu ya kusokota, hufika Nm 138 kwenye mizunguko 7,000, wakati R1 hutoa 108 kwenye 8,500. Westfield, kampuni ya magari ya aina hii, iliifunga Hayabusa katika gari lake ikaliita Megabusa. Kwa gari, toki ya chini ina thamani kubwa, maana dereva hachoki kubadilisha gia. Lakini Hayabusa ni nzito na ndefu zaidi, na kwa kuwa kila mjenzi aliitaka, hata mbovu iliuzwa kwa bei ya nzima.

R1 ilishinda kwa hoja ambazo hazimo katika tangazo lolote la pikipiki. Wahandisi wa Yamaha walipanga shafti za gia boksi moja juu ya nyingine, ili kufupisha injini na kurefusha mkono wa gurudumu la nyuma. Katika chasisi ya mwandishi ufupi huo ulikuwa sentimita za kupitisha bomba la maji na mkono wa fundi. Za mwaka 1998 hadi 2001 zilikuwa za kabureta, na kwa hiyo nyaya zake zilieleweka bila kompyuta. Na watu wengi walishazifunga katika magari yao, wakazivunja, wakajifunza kwa nini zilivunjika. Mchoro wa vizuizi vya sampu yake ulipatikana kwa kuomba tu.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutonunua injini tena. Alinunua pikipiki.

Ilikuwa R1 ya mwaka 1999 iliyoteleza na kuanguka upande wa kulia, kampuni ya bima ikaiandika kuwa haifai kutengenezwa. Mwenyewe aliinunua tena kutoka kwa bima, na sasa alitaka pauni 1,100. Ukilinganisha na 350 za palleti, ni bei ya juu. Lakini pikipiki nzima huja na kabureta zake zilizokwisha kupimwa, nyaya zake zote, kisanduku cha cheche, koili, kidhibiti cha chaji, saa za dashibodi, ekzosi, swichi na ufunguo. Mtu anayenunua injini tupu hununua vitu hivyo kimoja kimoja, na mwishoni hulipa zaidi. Kwenye pikipiki za baadaye, ambazo kompyuta zake humtambua mwenye ufunguo na kugoma kwa mwingine, kukosa ufunguo wa asili ni kukosa injini. Zaidi ya hayo, pikipiki nzima inaweza kuwashwa.

Mwandishi alikwenda na jirani yake, mzee mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha injini za dizeli. Walimwomba mwenye pikipiki asiiwashe kabla hawajafika. Walipofika, mzee aliweka kiganja juu ya injini kabla hata ya kusalimiana vizuri. Ilikuwa baridi. Injini iliyochoka huwaka kwa urahisi ikishapashwa moto, na muuzaji mjanja hulijua hilo.

Walisoma namba iliyogongwa kwenye injini na kuilinganisha na hati ya usajili. Si woga tu wa mali ya wizi. Wakaguzi wa magari ya kujengwa nyumbani huko Uingereza hutaka ushahidi wa umri wa injini, kwa kuwa kipimo cha moshi hufuata umri huo. Wakapitisha tochi kwenye kila sikio la kufungia, wakitafuta ufa au alama ya kuchomelea. Mikwaruzo yote ilikuwa kulia na ilikubaliana na hadithi aliyoieleza mwenyewe. Waliuliza swali ambalo safari ya kwanza halikuulizwa: ilipoanguka, injini iliendelea kunguruma? Akajibu kwamba ilizimika palepale, kwa sababu alikuwa ameshaachia klachi kwenye gia ya pili.

Iliwaka kwa jaribio la kwanza. Mzee aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye kasha la injini na mpini sikioni, akaisogeza toka silinda hadi silinda. Sauti ya vali ni ya juu na nyepesi, kama cherehani. Ya metali zilizoliwa ni nzito, hutoka chini, na huongezeka mzigo ukiongezeka. Hawakuisikia. Waliinua gurudumu la nyuma wakaingiza gia zote 6, moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi. Wakafungua plagi na kupima kompresheni ya silinda zote 4, kabureta zikiwa wazi kabisa, na tofauti kati ya ya juu na ya chini haikufika asilimia 5.

Kisha mwandishi akaomba kufungua sampu. Mwenye pikipiki alisita, na ana haki ya kusita mtu anayeombwa kufunguliwa mali yake na mgeni. Wakamwekea mezani pauni 40 za oili, filta na gasketi mpya, ziwe zake hata wasiponunua. Akakubali. Ndani kulikuwa na oili nyeusi ya kawaida na vipande viwili vidogo vya silikoni. Sumaku waliyoipitisha humo ilitoka na vumbi laini tu, kama unga, ambalo kila gia boksi hulitoa. Hapakuwa na kitu cha kumetameta.

Pesa zilihesabiwa. Baadaye mwandishi aliuza magurudumu, tangi, breki na uma wa mbele, na ikarudi takriban nusu ya alichotoa. Injini nzima, iliyosikika na kufunguliwa, ilimgharimu zaidi ya ile maiti ya kwanza, lakini haikufika mara mbili yake.

Kazi iliyofuata ilionyesha jinsi ambavyo injini ya pikipiki huhitaji kusaidiwa kuwa ya gari. Kwanza, sampu ilipata vizuizi vyake kabla injini haijashushwa ndani ya chasisi, na dashibodi ikapata geji ya presha ya oili, kwa maana taa ya onyo huwaka wakati hasara imeshatokea.

Pili, difu. Gia ya 6 ya R1 ile, ukizidisha na gia ya kupunguza mizunguko iliyo kati ya krankishafti na klachi, huigawa mizunguko kwa 1.76. Kwa difu ya Ford Sierra yenye uwiano wa 3.62 na matairi ya inchi 13, mizunguko 11,000 hukupa kilomita 180 hivi kwa saa. Kwa difu ya 3.14 unapata zaidi ya 200, lakini gia ya kwanza inakuwa ndefu mno: ingefika kilomita 90 kwa saa kabla ya kubadilishwa, na kila kuondoka kwenye taa za barabarani kungeichoma klachi. Klachi hiyo iliundwa kuondosha pikipiki na mwendeshaji, kilo 250 hivi kwa pamoja. Gari na dereva wake ni zaidi ya mara mbili. Mwandishi alichagua 3.62, akaweka sahani mpya za klachi na springi ngumu zaidi. Wanaochagua difu kwa kufikiria mwendo wa mwisho huijua bei ya klachi mapema.

Tatu, pikipiki haina gia ya nyuma. Wapo wanaofunga kisanduku maalumu cha kurudisha nyuma kwenye propela shafti. Ni imara, kina bei yake, na huongeza kilo. Mwandishi alitumia mota ya umeme inayoikamata propela shafti kwa meno. Inatosha kutoka gereji, haitoshi kupanda kilima kinyumenyume. Rejeta ya pikipiki nayo iliachwa, ikawekwa ya Volkswagen Polo, kwa sababu pua ya gari haipati upepo ambao pikipiki huupata. Swichi ya stendi ya pembeni iliunganishwa moja kwa moja, la sivyo injini ingekataa kuwaka ikidhani stendi iko chini.

Juni 2007 gari lilipelekwa kwenye ukaguzi wa magari ya kujengwa nyumbani, ulioitwa SVA, ambao nafasi yake mwaka 2009 ilichukuliwa na ule wa IVA. Lilirudishwa mara moja, na sababu haikuwa injini bali kingo mbili kali za bati. Wiki mbili baadaye likapita, likapewa namba. Siku hiyo mwandishi alimpigia mjomba tena, akamwekea simu karibu na ekzosi. Mjomba alisikiliza mlio ukipanda na kushuka, akasema kwamba hiyo sasa ni injini, akauliza oili itamwagwa lini.

Inamwagwa kila kilomita 3,000. Kila mara filta hukatwa, karatasi yake ikatandazwa kama mkeka na kukaguliwa chini ya taa. Kufikia mwaka 2013 injini ile ilikuwa imelitembeza gari kilomita 21,000, nyingi zikiwa za barabara za vijijini zenye kona, na metali zake zilikuwa hazijawahi kuguswa. Metali za injini ya kwanza, zilizochakaa hadi shaba ikaonekana, zimo katika chupa ya jamu juu ya rafu ya gereji.

Mwenye nia ya kujenga gari la namna hii, awe Peterborough, Nairobi au Dar es Salaam, asianze na namba ya farasi. Aanze na futi kamba ndani ya chasisi yake, kisha atafute injini ambayo wengine wameshaifunga na wanaweza kumweleza ilikufa vipi. Akipata pikipiki nzima, aende asubuhi ikiwa bado baridi, akiwa na tochi, kipimo cha kompresheni, sumaku, na pesa ya gasketi mfukoni. Na muuzaji akikataa sampu isifunguliwe, arudi nyumbani na pesa yake.